Wiki moja ya daftari kabla ya kubadili chochote

Jumatatu mtu anaamka na azma tano kwa mpigo: kuacha sukari, kukimbia alfajiri, kulala mapema, kusoma, kuweka akiba. Ikifika Alhamisi hakuna iliyobaki, naye anajiita mvivu. Si uvivu. Amejaribu kutengeneza siku ambayo haijui. Hajui ni saa ngapi huishiwa nguvu, hajui anakunywa vikombe vingapi vya chai, wala hajui saa zake za jioni huishia wapi.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usibadili kitu. Chukua daftari la kawaida la shule, gawa ukurasa safu nne: saa, nilichofanya, nilichokula au kunywa, na nguvu kwa alama 1 hadi 5. Jaza mara nne kwa siku: baada ya kifungua kinywa, mchana, jioni na kabla ya kulala. Kila mara haizidi dakika mbili. Usisubiri usiku ndipo ukumbuke siku nzima, maana kumbukumbu hupendelea mambo mazuri. Andazi la saa 4 asubuhi husahaulika kabisa. Na usijisahihishe. Wiki hii daftari ni shahidi, si hakimu.

Siku ya saba soma kurasa zote kwa kalamu nyekundu mkononi. Zungushia kila alama 4 na 5, halafu tazama ulikuwa unafanya nini wakati huo. Hapo ndipo mwelekeo huanza kuonekana, na ndiyo sababu ninaliamini daftari kuliko maazimio ya mwaka mpya. Ukiulizwa ghafla unataka nini maishani, utajibu kile ulichosikia kwa wengine. Daftari hukuonyesha kazi uliyoirudia mara tatu au nne bila kulazimishwa na ukabaki na nguvu. Inaweza kuwa kushona, kufundisha watoto wa jirani hesabu, kulima mchicha nyuma ya nyumba. Kitu hicho kitafutie saa yake.

Saa yenyewe iandike kwa sentensi yenye sehemu tatu: baada ya jambo gani, utafanya nini, wapi. "Baada ya kuosha vyombo vya usiku, nitakaa kwenye cherehani sebuleni dakika 20." Linganisha na "nitajifunza kushona mwaka huu". Ya pili ni dua njema, lakini haina pa kushikia. Jambo la kutangulia liwe lile lisilokosekana: swala, kupiga mswaki, kupeleka watoto shuleni. Usitundike tabia mpya kwenye jambo linaloyumba, kama vile "nikifika nyumbani mapema".

Kuhusu muda, wengi wameambiwa siku 21 zinatosha kujenga tabia. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, uliofuatilia watu 96, ulikuta muda wa kati ni siku 66, na tofauti ni kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Kunywa glasi ya maji huzoeleka upesi, mazoezi huchelewa. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu safari. Basi ukiona siku ya 30 bado unajilazimisha, hujashindwa, uko katikati.

Sasa afya. Chagua jambo moja tu, na kwa nyumba nyingi za kwetu ningeanza na sukari ya kwenye chai, kwa sababu inapimika kwa kijiko. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 4. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani karibu gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000, na ikiwezekana nusu ya hapo. Chai peke yake imekwisha kukufikisha ukingoni, kabla ya soda, juisi na andazi. Na vijiko vyetu mara nyingi havisawazishwi, hurundikwa.

Usikate ghafla. Punguza nusu kijiko kila wiki; kutoka vijiko vitatu hadi kimoja ni wiki nne, na ulimi huzoea njiani. Kinachokwamisha zaidi ni sufuria: chai ikichemshwa na sukari ndani, kisha ikamiminwa kwenye chupa ya chai, hakuna ajuaye amekunywa kiasi gani. Zungumza na anayepika, sukari ije mezani kwenye kopo lake, kila mtu ajiwekee. Kuhamia asali hakusaidii hesabu, nayo inahesabika kama sukari, na juisi iliyokamuliwa nyumbani vilevile. Kosa jingine ni kupunguza sukari huku chakula cha mchana kikiwa ugali mwingi na mchuzi mwepesi. Ikifika saa 10 jioni njaa inauma na maandazi matatu yanarudisha kila kitu. Ongeza maharage, dagaa au yai mchana, na mboga ijae nusu ya sahani. Anayetumia dawa za kisukari asibadili mlo hivi kabla ya kuongea na daktari, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka mno.

Jambo moja la pembeni kuhusu chai, hasa kwa wajawazito na wasichana waliovunja ungo: chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye maharage na mchicha. Iache kwa saa moja baada ya kula. Kipande cha chungwa au ndimu kwenye mboga hufanya kinyume chake, husaidia.

Chai hiyohiyo huingia kwenye usingizi. Kafeini, kile kinachochangamsha ndani ya chai, huchukua takribani saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 11 jioni bado kimebakiza nusu ya nguvu yake saa 4 usiku. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Hesabu kurudi nyuma: unayeamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala, saa 4 usiku uwe umelala, si ndiyo unaingia kitandani na simu. Simu ichajiwe sebuleni. Vifurushi vya usiku ni nafuu kwa shilingi, lakini vinalipwa kwa usingizi.

Kutembea ni rahisi kueleza: dakika 150 kwa wiki, karibu 22 kwa siku, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shuka kituo kimoja au viwili kabla. Kama njia yako si salama gizani, na kwa wanawake wengi si salama, tembea mchana kwenda sokoni au zunguka uani. Dakika kumi kumi zinajumlishwa.

Usijipime kwenye mizani kila siku. Uzito hupanda na kushuka kwa maji na chumvi tu, na moyo huvunjika bure. Tumia uzi. Pima urefu wako kwa uzi kuanzia kisigino hadi utosini, ukate, ukunje katikati. Zungusha huo uliokunjwa kiunoni, usawa wa kitovu, baada ya kutoa pumzi bila kubana tumbo. Ukikutana, kiuno hakijazidi nusu ya urefu wako. Usipokutana, pima mwanya uliobaki kwa rula, andika tarehe na sentimita, kisha ubandike uzi kwenye jalada la daftari. Rudia baada ya siku 30, asubuhi, kabla ya chai.