Mashine ya Shemeji na Ndevu za Shavu Moja

Kama kuna mtu amekuambia mashine ya kunyolea kutoka Marekani "chomeka tu kwenye transfoma", mlete Njombe nimwone. Mimi nilichomeka, nikatoka na ndevu shavu moja.

Ilikuwa zawadi ya shemeji, mashine ya kunyolea nywele, ya waya, nzito mkononi. Kwenye kibandiko imeandikwa volti 120, hezi 60. Volti nilizielewa, nikanunua kitransfoma cha kushusha umeme, elfu thelathini na kitu. Hizo hezi nilizipita kama tunavyopita vigezo na masharti.

Nikawasha, ikaunguruma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Shavu la kushoto ililing'oa zaidi ya kulinyoa, halafu ikapata moto hadi nikaizima. Wembe nyumbani hakuna, na saa tisa mimi ndiye mwenyekiti wa kikao cha harusi. Nilikwenda na skafu ya mke wangu hadi puani, nikisingizia jino. Katibu, kwa huruma zake, akaniletea karafuu. Nikaitafuna mbele ya wajumbe.

Wakaja washauri. Kinyozi wa stendi, kijana wa Tanga, akasema, "Mzee, imekauka hii, itie mafuta ya nazi, kwetu ndiyo tunatumia." Labda Tanga inakubali. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Njombe mwezi wa saba hata binadamu anakaribia kuganda. Asubuhi nilikuta utando mweupe kati ya meno ya mashine kama nta ya mshumaa. Kuwasha, mwili mzima unatetemeka, meno yenyewe yametulia. Niliyasugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa. (Mafuta yanayofaa ni ya cherehani, matone mawili matatu, fundi nguo yeyote atakugawia.) Fundi redio naye akasema transfoma ni ndogo. Nikanunua kubwa. Kelele zile zile.

Aliyeharibu zaidi ni mimi. Ubavuni mwa mashine kuna skrubu moja peke yake. Nikaamua kwamba ni ya ganda na imelegea, nikaikaza hadi mwisho. Mama watoto alitoka jikoni kuuliza nani anagonga bati.

Ndipo nikaifungua. Ndani hakuna mota ya kuzunguka. Kuna koili ya waya wa shaba, chuma kinachovutwa na koili, na springi ya kukirudisha. Meno ya juu yameshikizwa hapo. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, ndizo zile hezi, na kwa kila mzunguko koili huvuta mara mbili, basi meno hucheza mara 100. Kwa Wamarekani ni 60, yaani mara 120, na springi ya shemeji imepimiwa mwendo huo. Transfoma inashusha volti, mwendo haiugusi hata kidogo. Ni sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea nje ya wakati wake. Tena mwendo ukipungua koili inanywa umeme zaidi, ndiyo ule moto. Na ile skrubu niliyoikaza kwa misuli ndiyo inayorekebisha uchezaji wa hicho chuma!

Nikafunga ganda, nikawasha, nikawa naizungusha ile skrubu kinyume cha saa, kidogo kidogo, sikio karibu. Tatata, tatata, kisha ghafla kugonga kukakoma, ukabaki mvumo mmoja laini. Nikaikaza tena kidogo, ikagonga. Nikaiachia, ikavuma. Nilicheza hivyo dakika kumi nzima kwa raha tu, ndevu zikisubiri.

Watu waliuliza kwa nini nisiitupe ninunue ya ndevu. Ninazijua hizo. Mtindo huu wa koili aliuleta Leo Wahl wa Sterling, Illinois, mwaka 1919. Kabla yake ni zile za kubana kwa mkono, kama ya kinyozi wa babu yangu chini ya mparachichi, ukikohoa imeondoka na nywele. Za ndevu zilifuata: Jacob Schick, mwanajeshi mstaafu, alianza kuuza yake 1931 kwa dola 25, na Philips wakaleta ya kichwa cha kuzunguka 1939. Mimi nilikuwa na ya wavu, ile ambayo wembe umefunikwa na wavu mwembamba wa chuma. Shavu linalainika kweli, ila ndevu zangu ni za kipilipili. Zikikatwa karibu mno zinajikunja na kuchimba kurudi kwenye ngozi, wiki nzima shingo ni vipele. Hii ya meno wazi inabakiza kisiki kidogo, na ngozi yangu inapenda visiki.

Meno niliyarudisha ncha kwa ncha, nikijiona fundi, yakanichora mstari mwekundu kidevuni. Ya juu lazima yakae nyuma kidogo ya yale ya chini. Kipimo changu ni unene wa kadi ya benki, ambayo siku hizo haikuwa na kazi nyingine, baada ya transfoma mbili.

Nguvu haikurudi yote. Kidevuni napita mara mbili, na sizidishi dakika kumi bila kuipumzisha. Katibu bado akiniona anauliza kama lile jino niling'oa.