Kamba ya mita 8: kufundisha historia ya watu wenye ulemavu

Mwalimu akiambiwa afundishe kuhusu ulemavu, mara nyingi anaanza na kitambaa cha kuwafunga wanafunzi macho. Kiache nyumbani. Aliyefungwa macho kwa dakika 10 anajifunza hofu ya dakika 10 za kwanza gizani. Maisha ya mtu aliyezoea fimbo nyeupe na anayesoma nukta nundu hayaoni kabisa. Akifunguliwa, anashukuru kwamba si yeye. Hiyo ni huruma, na historia bado haijaguswa.

Historia yenyewe ina miaka, sheria, fedha, na watu waliokaa vikao wakadai. Inatosha kwenye vipindi viwili vya dakika 40, tena bila kuongeza mada kwenye muhtasari: inaingia penye elimu ya kikoloni, penye katiba na penye uchaguzi.

Kwa kipindi cha kwanza tafuta kamba ya mita 8 na vibanio vya nguo. Mita moja ni miaka 10, hivyo mwaka mmoja ni sentimita 10. Ncha ya kushoto ni 1946, Jeshi la Wokovu lilipoanzisha shule ya wasioona Thika. Karibu na ncha ya kulia, mita 7.9, ni 2025, Kenya ilipopitisha sheria mpya ya watu wenye ulemavu kufuta ile ya 2003. Katikati wape wanafunzi kadi wapime wenyewe kwa rula: 1987, vyama vya watu wenye ulemavu Uganda vilipoungana kuunda NUDIPU, 1995, Katiba ya Uganda, 2003, sheria ya kwanza ya Kenya, 2006, Umoja wa Mataifa kupitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, 2008, Kenya na Uganda kuuridhia, 2009, Tanzania kuuridhia, 2010, Katiba ya Kenya na, kando yake, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania.

Kadi zisizidi upana wa sentimita 8. Ukizikata pana zaidi, za 2008, 2009 na 2010 zitalaliana na darasa litaona tukio moja. Zile mbili za 2010 zining'inie moja chini ya nyingine. Andika kwa herufi za sentimita 3, na kila kadi isomwe kwa sauti kabla ya kubanwa. Kama darasani kuna kiziwi, usizungumze huku umegeukia ubao.

Kamba ikijaa, uliza swali moja tu: kwa nini kati ya 1946 na 1987 kuna mita 4 tupu? Watajibu kwamba watu wenye ulemavu hawakuwepo, au walifichwa. Usikimbilie kusahihisha. Toa kadi uliyoficha mfukoni, ya 1958, mwaka ambao chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilianzishwa Kenya, uibane penye mita 1.2. Sasa wanaelewa kwamba utupu ule ulitokana na kadi za mwalimu. Ndiyo kazi ya nyumbani hiyo: kila mmoja aulize mzee mmoja na kurudi na kadi moja.

Maswali ya kwenda nayo yahusu shule, kazi, usafiri na kura. Swali la "ulipataje ulemavu?" lipigwe marufuku waziwazi, la sivyo litaulizwa la kwanza na mazungumzo yataishia hospitalini. Mzee akilitaja mwenyewe, liandikwe. Wengi wa rika fulani watataja polio, na hapo kuna historia ya chanjo: Tanzania ilipata mgonjwa wa mwisho wa kirusi pori cha polio mwaka 1996. Jina la mzee lisiandikwe bila ridhaa yake.

Kipindi cha pili ndicho kitamu zaidi, na ningekipa nafasi hata kama kipindi kingekuwa kimoja tu. Chora safu tatu ubaoni: njia za kuingia bungeni. Uganda imetenga viti 5 vya wabunge wa watu wenye ulemavu, wanaochaguliwa na wajumbe kutoka makundi yao. Kenya, ibara ya 98 ya Katiba inawapa viti 2 katika Seneti, mwanamke na mwanamume, kupitia orodha za vyama. Ibara ya 54 inalenga angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma. Tanzania, Rais anaweza kuteua wabunge wasiozidi 10, na Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliingia bungeni 2008 kwa kuteuliwa na Rais Kikwete. Miaka 2 baadaye Salum Barwany, naye mwenye ualbino, aligombea Lindi Mjini akashinda kwa kura za wananchi wote.

Makundi ya watu 6 yajibu kwa kila njia: nani anampa kiti, nani anaweza kumnyima, na akitaka kupinga muswada anamwogopa nani? Mjadala utapotea ukigeuka kuwa nchi gani inawapenda watu wenye ulemavu. Warudishe kwenye swali la nani anampa kiti. Kundi likisema njia ya Barwany ndiyo bora, liulize gharama za kampeni za mgombea kiziwi zinazoongezwa na mkalimani wa lugha ya alama.

Mwanafunzi mwenye ulemavu darasani asigeuzwe zana ya kufundishia. Akinyoosha mkono, anajibu kama mwingine. Ukitaka mgeni, ita kiongozi wa chama cha watu wenye ulemavu wilayani, mwambie mada ni uchaguzi au sheria, lipa nauli yake na ya msindikizaji au mkalimani, na somo lihamie chumba kisicho na ngazi kabla hajafika.