Klachi ya Mark II Yangu

Gari langu la Toyota Mark II lina injini ya 1JZ-GTE ya toleo la 1996, ambayo ilitoka kiwandani na nguvu ya msokoto (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 378, na tangu nilipoongeza presha ya tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, klachi ya awali imekuwa ikiteleza: injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, lakini gari haliendi. Fundi wangu wa Mwanakwerekwe, hapa Zanzibar, alishauri tufunge presha pleti (ile inayokandamiza pleti ya klachi) yenye springi kali zaidi pamoja na pleti ya vipande vya seramiki. Nilisita. Seramiki hustahimili joto kali la kuondoka kwa kasi katika mbio za mita 402, ila hushika ghafla, na anayeijua foleni ya Darajani saa za jioni ataelewa kwa nini mguu wangu wa kushoto uliingiwa na hofu. Isitoshe, springi kali huzidisha mzigo kwenye beringi za krenki, mhimili mkuu wa injini, kila pedeli inapokanyagwa.

Nimechagua klachi ya pleti mbili za kawaida, kwa kuwa nyuso zinazosuguana huwa nne badala ya mbili, hivyo hubeba msokoto mkubwa zaidi bila kuhitaji springi za kuumiza goti. Bei yake, kusema kweli, ilinikosesha usingizi. Sasa naiendesha polepole kati ya mjini na Bububu ili nyuso zizoeane, na hadi nitimize kilomita 800 hakuna kushindana na mtu.