Pedeli za Mninga

Ilikuwa Juni 2008, msimu wa kurina asali Tabora. Mjomba aliisukuma baiskeli yake ya Phoenix hadi barazani, akaiegemeza ukutani na kusema, "Mjomba, keshokutwa naingia porini. Nitazamie hizi pedeli." Hapakuwa na pedeli za kutazama. Kulia ilibaki ekseli tupu, yaani chuma cha katikati ambacho pedeli huzungukia, na kushoto ekseli na kipande cha bati kilichopinda. Kutoka mjini hadi Sikonge ni kilomita 70 na ushei, na kambi yake ilikuwa mbele zaidi, njia ya mchanga. Kurudi angebeba madumu matatu ya lita 20. Asali ni nzito kuliko maji, dumu likijaa linafika kilo 28 hivi. Jumla kilo 84 kwenye keria, na zote zinasukumwa na nyayo mbili.

Pedeli za dukani za bei aliyoimudu tulizijua. Vikombe vyake ni vya bati laini. Mchanga ukishaingia kwenye gololi unakuwa kama msasa, na baada ya safari mbili unarudi kukanyaga ekseli. Pedeli ya mti haina gololi. Mti wenyewe ndio beringi, na ukichakaa unachonga mwingine. Ekseli ya zamani ndiyo mali ya kutunzwa. Ya kushoto ina nyuzi zinazokaza kinyume, kwa hiyo kabla ya kuzifungua niliikwangua alama ya tupa ili zisichanganywe. Ukiilazimisha ya kulia iingie krenki ya kushoto, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli, utakuwa umeua krenki.

Jozi ya kwanza niliichonga siku ile ile kwa tawi la mpera. Mpera ni mgumu na tawi lilikuwa la unene uliofaa, tena katikati lina moyo laini unaopitisha tundu kirahisi. Nilipasha nondo ya milimita 8 hadi ikawa nyekundu, nikachoma tundu kufuata moyo, nikapachika ekseli. Zilipendeza. Kulipokucha, pedeli moja ilikuwa na ufa kutoka tundu hadi ganda, na nyingine nyufa mbili. Kwa jirani fundi seremala, mzee wa siku nyingi, nilizipeleka zote mbili. Alizigeuza mara moja tu. "Mwanangu, umetoboa penye moyo. Mti ukikauka, ufa huanzia hapo. Wewe umeusaidia."

Mti mbichi unapokauka, unanywea zaidi kuzunguka pete zake kuliko kuelekea moyoni, na kipande chenye moyo hakina pa kukimbilia isipokuwa kupasuka. Kosa la pili lilikuwa nondo. Tundu la kuchoma huacha ukuta wa mkaa, na mkaa unasagika. Hata kama tawi lisingepasuka, ekseli ingeanza kucheza kabla ya kufika Sikonge.

Mzee alinipa masalia ya mninga ya inchi mbili kwa mbili, yaliyokaa darini mwake misimu kadhaa. Mninga ukishakauka hautikisiki sana, hauvimbi ovyo wala haunywei ovyo, ndiyo maana mafundi wanaupendea milango. Mpingo nao alikuwa nao, lakini ni mzito, unakula ncha za keekee, na haunywi oili kwa sababu hauna nafasi ya kuinywea. Kwa pedeli mimi naona mninga unatosha na kuzidi.

Nilikata vipande viwili vya sentimita 8 na nusu, nyuzi za mti zikifuata urefu wa ekseli. Nikapima ekseli: upande wa krenki milimita 12, upande wa nje 8. Tundu basi haliwezi kuwa la kipimo kimoja. Nilibana kipande kwenye jiriwa, nikatoboa kwa keekee ncha ya milimita 7 kutoka pande zote mbili zikutane katikati, kisha nikapanua upande wa krenki kwa ncha ya 11. Kila tundu niliacha pungufu kwa makusudi. Kutoboa kufuata nyuzi kuna shida yake, maana ncha hupenda kukimbilia ulaini. Unazungusha kidogo, unaitoa, unapuliza vumbi, unatazama kwa pembe kama bado imenyooka. Kipande kimoja matundu hayakukutana vizuri nikakitupa, nikakata kingine. Upande wa nje nilichimba kishimo cha sentimita 1 na nusu kwa patasi ili nati na wosha zizame, zisikwaruze mguu.

Ndipo ikaja kazi ya kuchemsha, nayo ndiyo inayotofautisha pedeli ya wiki na pedeli ya msimu. Nje ya nyumba, kwenye kopo la bati, oili chafu ya gari inayofunika vipande kabisa, moto wa makaa machache. Oili inapopita joto la maji kuchemka, unyevu uliomo ndani ya mti unageuka mvuke, na mapovu madogo yanatoka kwenye ncha za nyuzi kama uzi wa shanga. Povu likiwa jingi, punguza makaa, maana oili inaweza kumwagikia moto. Ikiwaka, izime kwa mchanga, si kwa maji. Baada ya saa mbili hivi mapovu yalikuwa moja moja. Watu wengi hukosea hapa kwa kuvitoa vikiwa vya moto. Viache humo humo vipoe. Hewa iliyobaki ndani ya mti ikipoa inajikunja na kuvuta oili iingie ilipokuwa imetoka. Nilivilaza humo usiku kucha.

Asubuhi nilipanua matundu kwa tupa ya mviringo hadi ekseli ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kubana wala kucheza. Ikibana, pedeli itagoma njiani. Nikachonga mfereji mwembamba kila mwisho wa kipande na kukaza waya duru mbili, ili nyuzi zisifunguke. Tundu nikalipaka nta ya nyuki, ambayo nyumbani kwa mjomba haijawahi kukosekana, na kati ya mti na krenki nikaweka wosha ya ngozi ya kiatu kuzuia mchanga.

Keria haikuchukua muda. Ilikuwa fito mbili za urefu wa sentimita 90 na vipande vitano vya kukingama, vyote vikafungwa kwa mipira ya tyubu badala ya misumari. Msumari katika mtikisiko wa siku nzima hupanua tundu lake, lakini mpira unanyumbuka na kurudi. Nafasi ya madumu tuliisogeza karibu na tandiko, maana mzigo ukivuka ekseli ya nyuma unainua usukani mlimani. Fito ya tatu yenye panda ilikuwa ya kuegemezea baiskeli akisimama. Breki tuliacha za mpira. Mti kwenye rimu iliyolowa unateleza, nami sitakubali mtu ashuke nao mteremko wowote.

Mjomba alirudi siku ya tisa, madumu yakiwa yamejaa na katambuga zake nyeupe kwa vumbi. Nilifungua pedeli kabla hajamaliza uji wake. Ya kulia ilikuwa nzima. Tundu la kushoto lilikuwa limelika upande mmoja tu, likawa umbo la yai, nafasi ya unene wa ukucha. Nje, uso mmoja kati ya minne ulikuwa unang'aa kwa kukanyagwa, mitatu bado ina alama za randa. Niliirudisha kwenye ekseli na kuizungusha ovyo. Kila iliposimama, uso ule ule ulikuwa juu. Nikapima: tundu lilikuwa limekaa milimita 3 nje ya katikati, kwa hiyo upande mzito ulining'inia chini kila mara na mguu ukapewa uso mmoja safari nzima.

Nilichukua randa nikapunguza upande mzito, maganda mawili, nikajaribu, ganda jingine, nikajaribu tena, mpaka pedeli ikasimama popote ilipoachwa.