Siku moja maishani mwangu: mpima nguzo za mgodini

Saa 10:30 alfajiri. Mwezi wa saba hapa Mpumalanga, Afrika Kusini, baridi inauma hadi mifupani, na mimi ni mtu wa Tanga. Uji, basi la wafanyakazi, usingizi kidogo njiani.

Saa 12. Navaa taa ya kofia na kifaa cha hewa ya dharura, nachukua leza ya kupimia urefu. Mgodi wetu ni wa makaa ya mawe: tunachimba njia, na kati yake tunaacha nguzo za makaa zibebe mwamba wa juu. Nguzo ni pesa iliyoachwa chini, ndiyo maana watu wa uzalishaji huzitazama kwa uchu.

Saa 2. Tuko mita 100 chini. Kwanza nagonga paa kwa mtarimbo. Likiitika kama debe tupu, hapo hapitwi. Leo liko imara.

Ramani inasema nguzo mita 12 kwa 12, njia mita 6.5, kimo mita 3. Nafika kwenye safu mpya: leza inasoma mita 11. Narudia. 11. Kimo 3.4. Pembeni makaa yamebanduka. Naokota kipande chembamba, chang'aa, nakivunja kwa dole gumba.

“Mita moja tu hiyo, kijana,” anasema msimamizi wa zamu.
“Mzee wangu, ngoja nipige hesabu.”

Saa 7 mchana. Chai, kisha kikokotoo. Fomula ya nguvu ya nguzo ni ya watafiti Salamon na Munro, 1967: 7.2 mara upana kwa kipeo cha 0.46, gawanya kwa kimo kwa kipeo cha 0.66, jibu kwa megapaskali, kipimo cha shinikizo. Ilizaliwa na msiba. Januari 1960 nguzo za mgodi wa makaa wa Coalbrook, hapa Afrika Kusini, ziliporomoka na kuua wachimbaji zaidi ya 430. Wawili hao hawakutegemea mabonge ya makaa yanayopimwa maabara, maana bonge dogo halina nyufa za nguzo nzima, hivyo hudanganya. Walichambua nguzo za migodini kwenyewe: visa 98 vilivyosimama, 27 vilivyoanguka.

Kwa vipimo vya ramani: nguvu 10.9, mzigo 5.9, uwiano (nguvu gawanya kwa mzigo) 1.84. Kwa vipimo vya leo nguvu inashuka hadi 9.7, na mzigo unapanda hadi 7.1, kwa sababu nguzo nyembamba inabeba mwamba uleule kwa eneo dogo. Uwiano 1.37. Sisi hatushuki chini ya 1.6. “Mita moja tu” imekula pande zote mbili.

Saa 9 alasiri. Kikao. Meneja anauliza tani ngapi tutapoteza, namwonyesha 1.37, ananyamaza. Tunakubaliana: safu ile inafungwa, njia zisizidi mita 6.5, mistari ichorwe kwa rangi ukutani kabla mashine haijakata, kimo kikifika mita 3 basi. Nimeomba pia leza ya pili. Hiyo atakaa nayo msimamizi mwenyewe, apime kila zamu.