Swali la Saba

Mwezi Novemba mwaka 2014, minada ya korosho ikiwa imeshika kasi, nilikuwa muuguzi kijana katika kliniki ya kupima afya iliyofanyika mara moja kwa juma kwenye zahanati moja karibu na Mikindani. Wengi waliofika hawakujiona wagonjwa. Walikuja kupimwa presha, sukari na uzito, kisha kujibu maswali ya fomu. Swali la saba lilikuwa fupi: "Je, unavuta sigara?" Chini yake paliachwa nafasi ya kuandika idadi ya pakiti kwa siku.

Siku hiyo alikuja mzee mmoja aliyewahi kuwa mvuvi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa akinyoosha mkono kabla sijamwomba. Presha yake ilikuwa 168 kwa 102, na baada ya mapumziko ya dakika kadhaa ilikuwa haijashuka vya kutosha kunituliza. Nilipofika swali la saba alijibu bila kusita, "Sivuti sigara, mwanangu," nami nikaandika "Hapana".

Nilipokuwa nikimfungua kitambaa cha kipimo, niliona ncha za vidole vyake viwili zimegeuka kahawia, na shati lake lilinukia moshi. Nikamuuliza, "Na tumbaku je, mzee wangu?"

"Ah, tumbaku! Hiyo nasokota mwenyewe tangu ujana, sita au saba kwa siku. Usiku baharini zilikuwa zinazidi, maana usingizi na baridi havina huruma. Sigara ni zile za pakiti, za wenye fedha."

Hakuwa amenidanganya. Mimi ndiye niliyemuuliza kitu ambacho hakikuwa maisha yake.

Nilifuta lile "Hapana" nikamweleza kwamba moshi ni ule ule, uwe wa pakiti au wa msokoto: nikotini hukaza mishipa ya damu na kuuongezea moyo mapigo, na gesi ya kaboni monoksaidi hushika nafasi ya oksijeni ndani ya damu, hivyo mtu mwenye presha ya juu anayevuta huiumiza mishipa ile ile kwa njia mbili, na kiharusi humkaribia zaidi. Nilimwambia pia, kwa kuwa niliona amejikunyata, kwamba mtu akiacha kwa mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

"Mwaka mmoja tu?" aliuliza. Nikamwandikia tarehe ya kurudi na kumpeleka kwa mganga kuhusu dawa za presha.

Aliyefuata alikuwa mama wa makamo. Safari hii niliuliza, "Mama, unatumia tumbaku kwa namna yoyote, ya kuvuta, kunusa au kutafuna?" Alifungua fundo la pindo la khanga yake taratibu, akaweka mezani kikopo kidogo cha ugoro.

Jioni nilizitoa fomu za majuma yaliyotangulia nikaweka alama kwa penseli mbele ya kila "Hapana" ya swali la saba, na siku ya kliniki iliyofuata tukaanza kuwaita wenye fomu hizo upya, mmoja baada ya mwingine.