Jioni ile tuliposhusha nati

Wiki ya sita ya kujifunza gitaa, F ilikuwa bado imenikatalia. C ilikwisha kukubali, G nayo, Am na Em nilizipata mapema kama kila mtu azipatavyo. Lakini kodi ile, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja (si ya serikali, ingawa maumivu yanakaribiana), ilinipa nyuzi mbili zenye sauti na nne zilizogonga kama kuni. Kila aliyenisikia alikuwa na jibu lilelile: kaza mkono, vidole havijakomaa. Nikaamini. Mchagua jembe si mkulima.

Mzee aliyenitoa hapo hakuanza na vidole. Alikuwa mpigaji wa siku nyingi ambaye sasa alikuwa akitengeneza magitaa ya watu, na jioni hiyo alikuwa amekaa tu akinisikiliza nikitoka C kwenda G na kurudi. Akainua kiganja.

"Kijana, uzi wako wa pili uko chini."

"Nimeupatanisha sasa hivi, mzee."

"Umeupatanisha na nini?"

Nilikuwa nimeupatanisha na C. Katika kodi hiyo uzi wa pili unabanwa freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa), na kila mara ulikuwa unanilia juu kidogo, basi nikawa naulegeza mpaka C itulie. Nikienda G, ambako uzi huohuo unaachwa wazi, unalia chini. Naukaza tena. Nilidhani uzi umechakaa. Mzee akaeleza kwa maneno machache: uzi uliokaa juu mno ya freti lazima uupinde sana ndipo uiguse, kuupinda ni kuuvuta, na uzi ukivutwa sauti hupanda. Kama nyuzi zikiwa wazi zinapatana, kisha freti ya kwanza hadi ya tatu zinalia juu na za mbele ziko sawa, usitafute kosa kwingine. Liko kwenye nati.

Nati ninayoisema si ya boliti. Ni kile kipande cheupe cha mfupa au plastiki mwanzoni mwa shingo, chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita kuingia kichwani. Viwandani mifereji hiyo mara nyingi huachwa juu makusudi, kwa sababu iliyo juu hushushwa, iliyopita chini huleta mlio mbaya na gitaa hurudishwa. Gharama ya tahadhari hiyo huilipa mwanafunzi, na huilipa hasa kwenye F, kodi inayolaza kidole kizima palepale karibu na nati.

Akanipa jaribio la kwanza. Kidole cha shahada kilekile, umbo lilelile, lakini nilisogeze hadi freti ya tano. Lililia, si vizuri, ila lililia. Kisha akafunga kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, freti ya kwanza, akaniambia nipige umbo la F freti ya pili. Likalia pia. Vidole havikuwa vimekomaa ndani ya dakika mbili. Kapo ilikuwa imeondoa nati katika hesabu, basi.

"Na ule usemi wa jembe?" nikamuuliza.

"Jembe lisilo na mpini tunalirudisha kwa fundi, mwanangu."

Kabla ya kugusa tupa alipima, na kupima kulichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Kwanza shingo: alibana uzi wa sita freti ya kwanza na ya kumi na nne kwa pamoja, akaangalia uwazi uliobaki juu ya freti ya saba. Tabaka mbili za karatasi ya kawaida zilipita, yaani kama milimita 0.2, kwa hiyo shingo ilikuwa na mpindo mdogo unaotakiwa, na fimbo ya chuma iliyomo ndani yake haikuwa na kosa. (Wengi wakiona nyuzi ziko juu hukimbilia kuzungusha fimbo hiyo. Kazi yake ni mpindo wa shingo tu, na hata ikilazimu huzungushwa robo mzunguko, ukasubiri.) Pili, freti ya kumi na mbili: uzi wa sita ulikuwa milimita 2.5 juu ya freti, wa kwanza 2. Vizuri kwa gitaa la nyuzi za chuma, kwa hiyo mfupa wa kwenye daraja, ule unaobeba nyuzi upande wa tumbo la gitaa, nao ukaachwa. Ungekuwa juu, angeukwangua upande wa chini, milimita 2 kwa kila milimita 1 anayotaka kushusha pale freti ya kumi na mbili.

Tatu, nati. Unabana uzi freti ya tatu, unatazama uwazi juu ya freti ya kwanza. Unatakiwa usionekane hasa, upana wa unywele, uzi uguse kidogo ukiugonga kwa kidole. Wangu wa sita ulipitisha karatasi iliyokunjwa tabaka nne.

Akalegeza uzi mmoja mmoja, akautoa kwenye mfereji na kuuweka kando, akapitisha tupa nyembamba yenye upana wa uzi huo. Kwa seti yangu uzi wa kwanza una milimita 0.30 na wa sita 1.35, kwa hiyo tupa moja haitoshi nyuzi zote: mfereji mwembamba hung'ang'ania uzi, mpana huuacha utikisike. Tupa inainama kuelekea kichwani, ili uzi uegemee ukingo wa mbele wa nati, ule unaotazama freti. Ukiinamisha kinyume, uzi unaegemea nyuma, unalia kama nzi ndani ya chupa na haupatani tena. Misuguo mitatu ya tupa, rudisha uzi, kaza mpaka sauti yake, pima. Misuguo mitatu tena. Kupima uzi uliolegea hakuna maana.

Uzi wa tatu aliniachia mimi. Misuguo mitatu niliiona michache, nikapiga minane. Uzi ukiwa wazi ukavuma juu ya freti ya kwanza, nikiubana popote unatulia. Hiyo ndiyo alama ya mfereji uliopita chini. Mzee hakusema kitu. Alikwangua kipande cha mfupa kikuukuu kwa msasa, akajaza unga wake ndani ya mfereji, akabandika utepe kwenye mbao za pembeni, akadondosha tone moja la gundi kali. Liliganda karibu papo hapo. Akaniwekea tupa mkononi tena.

Tulipomaliza akapaka risasi ya penseli kwenye mifereji yote, uzi uteleze bila kukwama, tukazipatanisha nyuzi sita zikiwa wazi, safari hii bila kuibembeleza C.

Nikapiga F. Tano zililia. Uzi wa pili ulikufa.

"Hapo sasa ni wewe," akasema.

Alinionyesha kwamba kidole cha shahada katika F kinafanya kazi ya nyuzi tatu tu, wa sita, wa pili na wa kwanza. Cha kati kimeshika wa tatu freti ya pili, cha pete wa tano na kidogo wa nne, vyote viwili freti ya tatu. Kwa hiyo kukandamiza kidole kizima ni kupoteza nguvu katikati ambako hakuna anayeihitaji. Akanigeuza kile cha shahada kiasi, kilalie ubavu wake wenye mfupa, upande wa kichwa cha gitaa, kikaribie freti bila kuipanda. Uzi wa pili ulikuwa umeangukia kwenye mkunjo wa kiungo, pale nyama ni laini. Nikakipandisha kidole kama milimita 3. Ukalia.

Mfereji wa uzi wa tatu una doa la manjano la gundi hadi leo. Nikiupatanisha hutoa "ti" ndogo unapokwama, nami naongeza risasi ya penseli.